Kutoka Uigizaji hadi Utayarishaji: Ida Lupino na Suala la Umiliki katika Filamu Huru za Marekani, 1949–1955

1. Utangulizi

Historia ya filamu aghalabu huandikwa kwa majina ya watu wawili: mwigizaji, ambaye sura yake huonekana, na mwongozaji, ambaye mtazamo wake hudhaniwa kuwa ndio uliozaa kazi nzima. Mtu wa tatu, yaani mtayarishaji, hutajwa kwa haraka, kana kwamba kazi yake ni kulipa gharama na kuondoka. Hata hivyo, mtayarishaji ndiye anayeamua iwapo hadithi fulani itakuwapo au haitakuwapo. Kabla mwigizaji hajatamka neno la kwanza, na kabla mwongozaji hajachagua mahali pa kuweka kamera, kuna mtu aliyekwisha kuamua kwamba jambo hili linafaa kusimuliwa, akatafuta fedha, akawakusanya watu na akakubali kubeba hasara.

Istilahi ya Kiswahili inalieleza jambo hili vizuri. Neno mtayarishaji limetokana na kitenzi tayarisha, nalo linaelekeza fikra kwenye kazi inayofanywa kabla ya wengine kufika. Katika maisha ya Waswahili mtu wa namna hii anafahamika. Panapokuwa na harusi au maulidi, wapo wapishi, wapo waimbaji, wapo wapigaji ngoma. Lakini yupo pia mwenye shughuli. Yeye ndiye aliyealika, ndiye anayedaiwa chakula kikipungua, na ndiye anayesifiwa au kulaumiwa wageni wakisharudi makwao. Swali linalozuka ni hili: je, kila mtayarishaji ni mwenye shughuli? Au yawezekana mtu akatayarisha kila kitu na bado mlango wa ua ukawa mikononi mwa mwingine?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kufuatilia maisha ya kazi ya Ida Lupino, mwigizaji wa Hollywood mzaliwa wa Uingereza, ambaye mwaka 1949 aliacha kungoja kupewa nafasi na kuanza kutayarisha filamu zake nje ya studio kubwa. Hoja inayotetewa ni kwamba Lupino alifaulu kuyapata mamlaka ya kuchagua hadithi na ya kuiongoza, lakini hakuyapata mamlaka ya kuifikisha kwa watazamaji. Kampuni yake haikuangushwa na uhaba wa vipaji wala wa mawazo. Iliangukia mlangoni, katika usambazaji. Kwa sababu hiyo, historia ya filamu huru haina budi kusomwa katika mikataba na daftari za hesabu, si katika picha peke yake.

2. Malezi na miaka ya mkataba

Ida Lupino alizaliwa London tarehe 4 Februari 1918, katika ukoo uliokuwa umefanya kazi za jukwaani kwa vizazi kadhaa. Baba yake, Stanley Lupino, alikuwa mchekeshaji mashuhuri; mama yake, Connie Emerald, alikuwa mwigizaji. Binti huyo alisomea uigizaji katika Royal Academy of Dramatic Art, na akiwa na umri wa miaka 14 alipewa nafasi kubwa katika filamu ya Her First Affaire ya mwaka 1932. Mwaka 1933 alivuka bahari kwenda Hollywood kwa mkataba wa studio ya Paramount.

Miaka ya mwanzo haikumletea mengi. Alipakwa nywele rangi ya dhahabu na kupewa nafasi za wasichana warembo wasio na la kusema. Mwaka 1934 aliugua polio, maradhi ambayo yangaliweza kumlemaza kabisa. Alipona, lakini baadaye alieleza kwamba ugonjwa huo ulimfanya atambue kuwa mwili ambao studio ilikuwa ikiuuza ungeweza kumponyoka siku yoyote, na kwamba lazima awe na kazi nyingine inayotegemea akili. Kumbukumbu hiyo ilirudi katika filamu yake miaka 15 baadaye.

Sifa yake kama mwigizaji wa kweli ilianza na The Light That Failed ya mwaka 1939. Studio ya Warner Bros. ikamchukua, naye akatoa kazi zinazokumbukwa hadi leo: They Drive by Night (1940), High Sierra (1941) na The Hard Way (1943), ambayo ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike kutoka kwa wahakiki wa filamu wa New York. Hata hivyo, katika studio hiyo nafasi nzito za wanawake zilikuwa kwanza za Bette Davis, na Lupino alipenda kujitania kwamba yeye ni Bette Davis wa watu maskini.

Ili kuelewa uamuzi wake wa baadaye ni muhimu kuufahamu mfumo wa mikataba wa enzi hiyo. Studio ilimwajiri mwigizaji kwa muda unaoweza kufikia miaka saba, ikampangia filamu za kucheza, na hata ikamkodisha kwa studio nyingine. Mwigizaji aliyekataa nafasi aliyopangiwa alisimamishwa bila mshahara, na siku za kusimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa utaratibu huo, kila alipokataa alijirefushia kifungo. Ni mahakama ya rufani ya California, katika kesi iliyofunguliwa na Olivia de Havilland na kuamuliwa mwaka 1944, iliyosema kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda na haiwezi kuongezwa kwa hila.

Lupino alisimamishwa zaidi ya mara moja. Miongoni mwa kazi alizozikataa ni nafasi katika Kings Row, filamu iliyoonyeshwa mwaka 1942. Lakini hakuutumia muda huo kukaa nyumbani. Alizunguka katika kumbi za kupigia picha, akawatazama waongozaji, wapiga picha na wahariri wakifanya kazi, na akauliza maswali. Adhabu iliyokusudiwa kumrejesha katika utii ikageuka kuwa mafunzo. Mwaka 1947 aliondoka Warner Bros.

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Lupino alikuwa amecheza kwa miaka mingi, tena kwa ustadi, lakini si kwao. Aliyetunzwa alikuwa mwenye ukumbi.

3. Mwaka 1949: kuingia katika utayarishaji

Wakati Lupino anaondoka, nyumba yenyewe ilikuwa imeanza kutikisika. Tarehe 3 Mei 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya serikali dhidi ya Paramount na wenzake. Hadi wakati huo studio kubwa zilikuwa zikitengeneza filamu, zikizisambaza, na pia zikimiliki kumbi nyingi bora za sinema zilikoonyeshwa. Uamuzi huo ulifungua njia ya kuzilazimisha kuziachia kumbi hizo. Watayarishaji wadogo walianza kutumaini kwamba mlango ungefunguka.

Lupino, pamoja na Collier Young, aliyefunga naye ndoa mwaka 1948, na mtayarishaji Anson Bond, walifanya kazi chini ya kampuni ya Emerald Productions, jina lililolingana na jina la kisanii la mama yake Lupino. Filamu yao ya kwanza ilikuwa Not Wanted, yaani asiyetakiwa. Inamhusu msichana wa kawaida anayepata mimba nje ya ndoa, anayejifungua katika makazi ya akina mama wa namna yake, anayekubali mtoto alelewe na wengine, na ambaye baadaye, kwa uchungu wa kumkosa, anamchukua mtoto wa mtu aliyelazwa katika kigari chake.

Katika Marekani ya mwaka 1949 hadithi hiyo haikuwa rahisi kuisimulia. Tangu mwaka 1934 filamu zote za studio zilipitia ofisi ya Joseph Breen, iliyosimamia kanuni za maadili za tasnia. Kanuni hizo hazikupiga marufuku kila jambo zito; zilitaka kosa lionekane kuwa kosa na mkosaji aadhibiwe. Lupino na wenzake walijadiliana na ofisi hiyo juu ya mswada badala ya kuikimbia. Matokeo yake ni filamu isiyomtetea msichana huyo kwa maneno, bali inayokaa naye kwa karibu kiasi kwamba mtazamaji anashindwa kumhukumu.

Gharama yake inakadiriwa kuwa takriban dola 150,000, wakati filamu ya kawaida ya studio kubwa ilikuwa ikigharimu karibu dola milioni moja. Fedha hizo hazikutosha kuwalipa nyota. Kwa hiyo Lupino, akiwa mmoja wa watayarishaji na mmoja wa waandishi wa mswada, aliwatafuta vijana wasiojulikana, akiwamo Sally Forrest aliyeshika nafasi kuu.

Mwongozaji aliyeajiriwa, Elmer Clifton, alipatwa na maradhi ya moyo mara tu upigaji picha ulipoanza. Kampuni haikuwa na fedha za kumwajiri mwingine. Mtayarishaji akashika kazi ya mwongozaji na kuimaliza filamu, lakini jina lililoandikwa kwenye kioo likabaki la Clifton, aliyefariki mwezi Oktoba mwaka huohuo. Tukio hili aghalabu husimuliwa kama bahati iliyomwangukia Lupino. Tafsiri iliyo sahihi zaidi ni kwamba bahati hiyo isingekuwa na pa kuangukia kama asingekuwa mtayarishaji. Mwigizaji wa kuajiriwa asingekabidhiwa kazi ya mwongozaji aliyeugua. Mwenye shughuli hahitaji kukabidhiwa.

Uzito wa tukio hilo huonekana zaidi linapowekwa katika muktadha wake. Dorothy Arzner, mwanamke pekee aliyeongoza filamu mfululizo katika studio kubwa za Hollywood kwenye miaka ya 1930, alikuwa ametoa filamu yake ya mwisho mwaka 1943. Lupino alipoingia katika chama cha waongozaji, alikuwa mwanamke wa pili kufanya hivyo baada ya Arzner.

4. The Filmakers na hadithi zake

Baada ya filamu hiyo, Lupino, Young na mwandishi Malvin Wald waliunda kampuni yao wenyewe, The Filmakers. Walitangaza kwamba watatengeneza filamu za gharama ndogo juu ya matatizo halisi ya jamii, wakiwatumia waigizaji wapya na kupiga picha katika mazingira halisi kila ilipowezekana.

Never Fear, iliyofuata, inamhusu mnenguaji kijana anayepatwa na polio. Sehemu kubwa ilipigwa picha katika kituo cha tiba cha Santa Monica, na baadhi ya wanaoonekana ni wagonjwa waliokuwa wakitibiwa hapo. Onyesho linalokumbukwa zaidi ni ngoma inayochezwa na watu walio katika viti vya magurudumu. Hakuna anayewasikitikia. Kamera inawatazama kama inavyowatazama wachezaji wengine wowote. Ni dhahiri kwamba uzoefu wa Lupino wa mwaka 1934 ulikuwa nyuma ya uamuzi huo. Pamoja na hayo, filamu haikuleta fedha.

Outrage ya mwaka 1950 ilikwenda mbali zaidi. Ann, aliyeigizwa na Mala Powers, ni karani aliyeposwa na anayekaribia kuolewa. Usiku mmoja akitoka kazini anafuatwa na kubakwa. Kanuni za Breen hazikuruhusu hata neno lenyewe kutamkwa, na filamu hailitamki. Badala yake inaonyesha kufuatwa kwenyewe kwa muda mrefu, katika mitaa mitupu, kisha inageukia jambo ambalo filamu za wakati huo hazikulijali: maisha ya mwanamke baada ya tukio. Majirani wanatazama. Wafanyakazi wenzake wanapunguza sauti anapoingia. Mlio wa mihuri ofisini unamtia wazimu. Anakimbia mji si kwa sababu ana hatia, bali kwa sababu huruma ya watu imekuwa mzigo sawa na lawama. Katika mwaka 2020 filamu hii iliingizwa katika Orodha ya Taifa ya Filamu ya Marekani, inayozihifadhi kazi zenye umuhimu wa kihistoria na kisanaa.

Filamu inayojulikana kuliko zote ni The Hitch-Hiker ya mwaka 1953, ambayo nayo iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 1998. Hadithi yake inatokana na mkasa wa kweli wa Billy Cook, aliyewaua watu 6 na ambaye alinyongwa kwa gesi gerezani San Quentin mwezi Desemba 1952. Marafiki wawili waliokwenda kuvua samaki wanampa lifti mtu aliyesimama njiani. Mtu huyo anawatolea bastola na kuwalazimisha wampeleke Mexico, hadi rasi ya Baja California.

Kwa wataalamu wa lugha, filamu hii ina jambo la pekee. Wananchi wa Mexico wanaonekana wakizungumza Kihispania kwa kirefu bila tafsiri yoyote kwenye kioo. Mmoja wa mateka anakifahamu Kihispania; muuaji hakifahamu. Kila mateka huyo anapozungumza na mwenye duka au na mpita njia, muuaji anaingiwa na hofu na kuamuru kwamba kiongelewe Kiingereza tu. Kwa hiyo mwenye silaha ndiye asiyeelewa, na aliye mateka anashika uwezo mmoja ambao bastola haiwezi kuuchukua. Uamuzi wa kutoweka tafsiri si wa kiufundi. Unamweka mtazamaji asiyejua Kihispania upande wa muuaji, katika woga wake.

5. Mamlaka na jina la mama

Swali la namna mwanamke mmoja alivyoweza kuwaongoza mafundi wanaume katika mazingira ya miaka ya 1950 limejadiliwa sana. Lupino mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba hakupenda kuwaamrisha wanaume. Aliwaomba, aliwashauri, na aliwaacha waamini kwamba wazo limetoka kwao. Wafanyakazi walimwita Mama, na kiti chake cha uongozaji kiliandikwa nyuma maneno yenye maana ya Mama wa Sisi Sote.

Wahakiki wengine wameliona jambo hili kama kujishusha. Msomaji wa Kiswahili huenda akaliona tofauti. Katika jamii za Afrika Mashariki, mama ni cheo cha heshima anachopewa mwanamke katika ofisi, sokoni na katika siasa, hata na watu wasio na undugu naye. Anayeitwa hivyo anaweza kuomba kwa upole na ombi lake likawa amri. Tofauti ni kwamba katika jamii hizo cheo hicho kimekwisha kukubalika, ilhali Lupino alilazimika kukijenga ndani ya tasnia isiyokuwa na jina la kumwita mwanamke mwenye mamlaka. Aliazima jina la nyumbani ili afanye kazi ya nje.

Aidha, mkakati huo ulikuwa na gharama yake. Katika Not Wanted jina la Lupino limeandikwa miongoni mwa watayarishaji. Katika filamu kuu zilizofuata, zikiwamo Outrage, Hard, Fast and Beautiful (1951) na The Hitch-Hiker, mtayarishaji aliyeandikwa ni Collier Young, ingawa kampuni ilikuwa yao wote na ndoa yao ilivunjika mwaka 1951. Kazi ya kutayarisha iliendelea kugawanywa. Jina halikugawanywa kwa namna ileile. Anayeihesabu kazi yake kwa kufuata maandishi ya kwenye kioo tu atapata hesabu pungufu.

6. Mlango wa usambazaji

Kampuni ndogo inaweza kutengeneza filamu kwa fedha kidogo, lakini filamu iliyokamilika haina faida mpaka inakiliwe, itangazwe na ipangiwe kumbi katika miji mingi. Kazi hiyo yahitaji mtandao wa ofisi na mtaji unaoweza kungoja. Not Wanted na Never Fear zilisambazwa na makampuni madogo. Kuanzia Outrage, The Filmakers waliingia mkataba na RKO, studio iliyokuwa chini ya tajiri Howard Hughes tangu mwaka 1948. RKO ilitoa sehemu ya fedha na kuzisambaza filamu. Kwa upande wake ilikuwa na kauli katika matangazo, na matangazo hayo mara nyingi yaliahidi msisimko ambao filamu zenyewe hazikukusudia kuutoa.

Uhuru wa filamu huru, basi, ulikuwa na mpaka. Ilikuwa huru wakati wa kuandikwa, huru zaidi wakati wa kupigwa picha, na ilipoteza uhuru huo kadiri ilivyokaribia kwa mtazamaji.

Mwaka 1953 Collier Young na baadhi ya washirika walitaka kuondokana na utegemezi huo kwa kuanzisha usambazaji wao wenyewe. Lupino alipinga. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, alisema wao walikuwa watu wa kutengeneza picha na hawakujua lolote kuhusu biashara ya kusambaza. Kura yake ilishindwa. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba aliyeshindwa hapa ni mtayarishaji katika kampuni yake mwenyewe, wala si mwajiriwa aliyepuuzwa na bosi wake.

Filamu ya kwanza kupitia mpango huo ilikuwa The Bigamist, mwishoni mwa mwaka 1953. Mswada uliandikwa na Young, ambaye wakati huo alikuwa mume wa Joan Fontaine. Fontaine akaigiza mke wa kwanza, na Lupino akaigiza wa pili huku akiongoza filamu yenyewe. Mara nyingi hutajwa kuwa miongoni mwa filamu za mwanzo za Marekani zenye sauti ambamo mwanamke alijiongoza katika nafasi kubwa. Ili kupunguza gharama, kampuni ilikubali bidhaa za biashara zionekane katika picha.

Filamu hii humpa mtazamaji wa Afrika Mashariki jambo la kufikiri. Katika California kuoa wake wawili ni jinai. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya mitala. Kwa hiyo mtazamaji wa Tanga hatashangazwa na idadi ya wake. Atakachokiona ni siri: mwanamume mpole, asiye mhuni, anayewaumiza wanawake wawili kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kusema. Inapotazamwa hivyo, filamu haipungui nguvu. Lupino hakuitengeneza kuwa hadithi ya mhalifu na wahanga wake. Kila mmoja wa watu hao watatu anaeleweka, na hakuna anayeshinda.

Mpango wa usambazaji haukudumu. Baada ya filamu chache zaidi, zikiwamo Private Hell 36 ya mwaka 1954, ambayo Lupino aliiandika pamoja na Young na kuigiza ndani yake, kampuni ilifungwa mwaka 1955. Kwa hesabu inayotolewa mara nyingi, ilikuwa imetoa filamu 12. Lupino alikuwa na umri wa miaka 37. Tangu hapo hadi kifo chake aliongoza filamu moja tu ya sinema, The Trouble with Angels ya mwaka 1966, na hiyo alikuwa mwajiriwa wa studio.

7. Televisheni: nyota bila hisa

Lupino hakuacha kazi. Alihamia katika televisheni, ambako aliongoza vipindi vingi vya aina mbalimbali, vikiwamo vya wachunga ng'ombe na vya upelelezi. Ndiye mwanamke pekee aliyeongoza kipindi katika mfululizo wa awali wa The Twilight Zone. Kipindi hicho, The Masks, kilionyeshwa mwaka 1964. Pamoja na mumewe wa tatu, Howard Duff, aliigiza katika mfululizo wa vichekesho wa Mr. Adams and Eve kuanzia mwaka 1957.

Mfano mmoja wa kipindi hicho unalifafanua suala la umiliki kuliko mingine. Kampuni ya Four Star ilianzishwa na waigizaji waliotaka kumiliki kazi zao. Jina lake lilimaanisha nyota wanne. Watatu walikuwa Dick Powell, David Niven na Charles Boyer. Lupino ndiye aliyetazamwa kuwa wa nne, na aliigiza mara kwa mara katika mfululizo wao. Lakini wale watatu walikuwa na hisa katika kampuni. Yeye hakuwa nazo. Mwanamke aliyekuwa ametayarisha filamu zake mwenyewe alihesabiwa miongoni mwa nyota wanne palipotajwa majina, na hakuhesabiwa palipogawanywa mali.

Alifariki Los Angeles tarehe 3 Agosti 1995.

8. Mwangwi katika filamu za Kiswahili

Historia hii haiwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi Afrika Mashariki, kwani mazingira ni tofauti. Tanzania haikuwahi kuwa na studio kubwa za kibiashara za kuasi. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilikuwa chombo cha dola. Filamu za video za Kiswahili zilipopata nguvu mwanzoni mwa karne ya 21, zilitokana na vikundi vya maigizo na vya televisheni, na waigizaji wake wengi waligeuka watayarishaji kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kutayarisha.

Hata hivyo, mfanano upo. Waigizaji maarufu wa Dar es Salaam walianzisha kampuni kwa majina yao. Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alikuwa na yake. Kampuni ya RJ iliunganisha herufi za majina ya kisanii ya Vincent Kigosi, yaani Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari. Hapo jina la mwigizaji wa kike liliingia katika jina la kampuni yenyewe, jambo ambalo Lupino hakulipata. Lakini usambazaji ulibaki kwa wafanyabiashara wachache, na mara nyingi mtayarishaji aliiuza filamu kwa bei moja pamoja na haki zake zote. Filamu ikiuzwa sana, ongezeko halikumrudia. Ni mlango uleule kwa ufunguo wa aina nyingine.

Lugha nayo imeandika tofauti hizi. Katika muziki wa kizazi kipya, prodyuza ni fundi anayetengeneza mapigo studioni. Katika filamu, mtayarishaji ni anayegharimia na kupanga, mwongozaji ni anayeelekeza uigizaji na picha, na msambazaji ni anayefikisha kazi sokoni. Maneno manne yanaonyesha mamlaka manne. Utafiti wa filamu za Kiswahili unaowatazama waigizaji na maudhui tu, bila kuuliza ni nani anayeshika lipi kati ya mamlaka hayo, utaeleza nusu ya jambo.

9. Hitimisho

Maisha ya kazi ya Ida Lupino yamekuwa yakisimuliwa kama safari ya kupanda: kutoka mwigizaji, kwenda mtayarishaji, kwenda mwongozaji. Ushahidi uliojadiliwa unaonyesha mwenendo wenye mashaka zaidi. Mwaka 1949 alipata kilichokosekana kwa waigizaji wa wakati wake, yaani haki ya kusema kwamba maisha ya msichana aliyeachwa na mimba, ya mnenguaji aliyelemaa na ya karani aliyebakwa yanastahili filamu nzima. Kwa takriban miaka sita aliishika haki hiyo kwa fedha kidogo na kwa subira nyingi. Kilichomtoa mikononi mwake ni hesabu ya kumbi, nakala na matangazo, pamoja na kura moja aliyoshindwa.

Filamu hizo zipo, na baadhi zimehifadhiwa na taifa lililoziacha bila soko. Msichana wa Not Wanted bado anainama juu ya kigari cha mtoto asiye wake. Ann bado anakimbia katika mitaa mitupu. Walitayarishwa na mtu aliyejua kwamba bila yeye wasingekuwapo. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini methali haimwambii mchezaji namna ya kuijenga nyumba, wala nani atakayeshika ufunguo wa mlango wake. Hilo limeachiwa historia, na kila kizazi cha watayarishaji hulikuta likiwangoja palepale.